Moto Usio na Sufuria

Daktari mmoja wa mjini Embu aliniuliza mama yangu amevuta sigara kwa miaka mingapi. Nilidhani amechanganya faili. Mama yangu ni mtu wa kanisa, mtu ambaye akipita karibu na mvutaji hufunika pua kwa leso na kumwombea kwa sauti ili mwenyewe asikie. Nikamwambia daktari hajawahi kuvuta hata siku moja.

"Basi anapika kwa kuni," akasema.

Hapo nikapata nafasi ya kujisifu. Nikamweleza kwamba nilimjengea mama nyumba ya mawe kule Kibugu, nikamtilia jiko la gesi ndani kwa ndani, na mtungi ukiisha napeleka mwingine mwenyewe. Daktari alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema kifua hiki kimekula moshi na bado kinaula, kila siku, na nisipojua unatoka wapi, dawa anazoandika ni kutwanga maji kwenye kinu. Akasema pia kwamba kifua kama hiki kikiendelea hivyo hakitamaliza msimu mwingine wa baridi. Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida, huku akitafuta kalamu.

Nilitoka pale. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi na mkoba wake magotini. Akaniuliza, "Amesema nini, baba?" Huniita baba kwa sababu mimi ni mwanawe wa pili, na kwetu mtoto wa pili wa kiume hupewa jina la baba ya mama. Nikamwambia amesema ni baridi tu.

Mimi mshukiwa wangu nilikuwa naye tayari. Chini ya mteremko wetu kuna kiwanda cha majani chai, na kiwanda hicho kinachoma kuni kukaushia majani. Kutoka barazani kwa mama unaliona bomba lake la moshi. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, nilisimama kanisani na kusema hadharani kwamba kiwanda kinawaua mama zetu na sisi tunakipelekea majani kwa mikono yetu wenyewe. Watu waliguna. Mchungaji alishukuru kwa mchango wangu na kutangaza harusi. Mama aliinamisha kichwa, nami nikadhani anasali.

Mpwa wangu, binti ya dada yangu, anafanya kazi na watu wanaopima hewa. Aliposikia nilivyochemka kanisani alinicheka, kisha akaniletea kijisanduku cheupe, kikubwa kama nusu mkate, chenye taa. Hewa ikiwa safi taa ni ya kijani. Ikichafuka inakuwa ya manjano, halafu nyekundu, na ikizidi kabisa inakuwa zambarau. Kinaweka kumbukumbu, nami nazisoma kwa simu nikiwa ofisini Embu.

"Na si ile vumbi ya barabara ya kukufanya upige chafya, anko," akanieleza. "Hii ni ile ndogo kabisa, hata huwezi kuiona. Inaingia ndani ya mapafu na haitoki."

"Kwa hivyo kitaniambia ni kiwanda."

"Hapana. Hii machine haitaji jina la mtu. Inakuambia tu ni kiasi gani. Kujua imetoka wapi ni kazi yako. Unaangalia saa, unaangalia upepo, halafu unaisogeza, unaangalia tena."

Nikakining'iniza barazani, kikitazama bomba la kiwanda uso kwa uso. Mama akauliza ni kitu gani. Nikamwambia ni cha kumshika mwizi. Akasema, "Sawa, baba," akarudi kuchagua maharagwe.

Wiki hiyo sikufanya kazi ya maana. Nilikuwa naangalia simu tu. Mchana kutwa taa ilikuwa kijani, mara nyingine manjano. Lakini kila asubuhi, wakati watu wanapopeleka maziwa barabarani, iliruka ikawa nyekundu, kisha zambarau, ikakaa hapo, ikashuka. Asubuhi ya Jumamosi tu ilibaki kijani mfululizo. Nilipofika siku hiyo adhuhuri, kama ilivyo kawaida yangu, nilikikuta kijisanduku kimevalishwa kofia ya sufu. Mama akasema alikiona kinalowa umande, akakihurumia. Nilicheka na kuivua ile kofia. Sikujiuliza zaidi ya hapo.

Nikampigia mpwa wangu simu nikifoka kwamba ushahidi umekamilika, kiwanda kinachochea tanuri asubuhi. Akaniuliza swali moja: asubuhi upepo wa kwenu unatoka wapi? Nimezaliwa kwenye mteremko ule, nimechuma majani pale kabla ya kwenda shule, na sikujua. Ikabidi nimwulize mama.

"Asubuhi unashuka," akasema bila kuinua macho. "Baridi inatoka mlimani kwa msitu, inafuata maji. Mchana ndio unapanda."

Kiwanda kiko chini yetu. Moshi wake wa asubuhi unashuka kwa watu wa chini, haupandi kwetu. Nilihisi masikio yananiwaka, maana nilikuwa nimekihukumu mbele ya mchungaji na kwaya nzima. Lakini aibu ilikuwa ndogo kuliko hofu iliyofuata. Juu yetu hakuna mtu, ni msitu tu. Kama moshi hautoki chini na hautoki juu, basi unatoka hapa hapa.

Nikaanza kukihamisha kijisanduku kama nilivyoelekezwa. Kwenye ua wa barabarani, asubuhi ilikuwa manjano tu. Kwenye zizi la ng'ombe, nyekundu. Mwishowe nikakitundika kwenye msumari wa jiko la zamani, lile la mbao ambalo mama alikataa nisilibomoe, akisema kuku watakosa pa kulala. Jumatatu asubuhi nilifungua simu nikiwa na chai mkononi, na rangi ya zambarau ilikuwa imejaa kioo kizima. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nami nikaiweka chai chini.

Siku ya pili yake nilitoka Embu kungali giza, bila kumwambia mama. Nilifika Kibugu kukiwa kunapambazuka. Moshi ulikuwa unachuruzika kutoka kila ufa wa lile jiko, mzito, mweupe, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nilisukuma kwa bega.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mafiga, leso imefungwa mdomoni, macho yakimtoka machozi, akisukuma matawi mabichi ya mchai ndani ya moto. Mabichi. Hata mtoto anajua kuni mbichi hazipiki, zinatoa moshi tu. Na juu ya mafiga hakukuwa na chochote. Hakukuwa na sufuria. Nilitazama sakafuni nikidhani ameitua. Haikuwepo.

"Mami, unapika nini?"

"Sipiki."

"Unaota?"

"Sioti. Toka, utaumia macho."

Kisha kikohozi kikamshika, chenye mluzi ndani yake, akainama mpaka paji la uso likagusa magoti. Nilimbeba nje kwa nguvu. Sijui nilikuwa nimeshtuka zaidi kwa moshi au kwa ile nafasi tupu juu ya mafiga. Nyanya yangu alipozeeka alianza kuwapikia watu waliokufa, na nilijua moja kwa moja kwamba sasa ni zamu ya mama. Nilimwaga mtungi mzima wa maji motoni. Nikatoa mafiga, moja moja, yakiwa bado yanafuka, nikayatupa kwenye majani chai. Nikanunua kufuli dukani, nikafunga mlango. Yote hayo niliyafanya nikipiga kelele, maana mimi nikiogopa huwa nafoka, nilichukua kwa baba yangu.

Mama alinisubiri. "Umemaliza?" akauliza. "Basi leo usirudi kazini. Lala hapa."

Nilidhani anaogopa kubaki peke yake. Nikapiga simu ofisini nikaomba ruhusa.

Asubuhi nikaamshwa na kilio. Si kilio cha mtu aliyeumia, ni kile cha matanga, chenye mwito na kiitikio. Nilitoka nikiwa na blanketi. Uani walikuwa wamesimama wanawake watatu wazee, wenzake mama, wajane kama yeye, wamelowa umande mpaka magotini. Mmoja alishika panga. Mmoja, yule mrefu anayeishi ng'ambo ya kijito, alikuwa amekumbatia shuka jeupe lililokunjwa vizuri. Waliponiona walinyamaza ghafla.

"Umefika lini?" akauliza mwenye panga. "Nani amekuambia?"

"Ameniambia nini?"

"Kwamba amekufa."

Mama akatokea nyuma yangu amevaa viatu vya shambani. Yule mrefu akaketi chini pale pale kwenye tope. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile, na sitaki kuuona tena. Nikamwuliza panga ni la nini. Mwenyewe akasema ni la kuvunjia mlango. Nikamwuliza yule mrefu shuka ni la nini.

"Ni la mamako," akasema.

Niliwaingiza ndani nikawapikia chai kwa gesi yangu. Nilimwaga maziwa. Wao walikuwa wanamgombeza mama kwa kutowatumia habari. Mama akawajibu, "Huyu ningemwambia kwa mdomo angenisikia? Nilitaka aone."

Ndipo nikaelezwa. Walikuwa na mwenzao wa tano, mjane vilevile, mwenye watoto wazuri wanaopiga simu. Alianguka chumbani kwake na hakuna aliyejua. Kila mtu alidhani ameenda kwa mwingine. Watoto walikuwa wanapiga simu, nayo inalia chini ya kitanda, wakasema mama amesahau kuichaji. Ng'ombe wake ndiye aliyepiga kelele, kwa maumivu ya kiwele, mpaka watu wakaenda kumtazama ng'ombe. Yule mrefu aliyasema haya akitazama kikombe chake. Ni yeye aliyefungua mlango.

Baada ya mazishi waliketi wanne wakapatana. Kila asubuhi, kabla ya maziwa kwenda, kila mmoja awashe moto na kutia majani mabichi, ili moshi uonekane upande wa pili. Asiyetoa moshi, wenzake waende, na mmoja abebe shuka, maana yule wa kwanza walikosa hata cha kumfunika. Na wakaapa kutowaambia watoto.

"Kwa nini msituambie?" Nilikuwa karibu kulia.

"Mkijua tunaogopa kufia peke yetu, mtatubeba mtupeleke mjini," akasema mwenye panga. "Tukakae kwa viti vyenu tukiangalia TV."

Mimi ni mtu wa ofisi, nikaanza kutoa mapendekezo. Nikasema watundike leso kwenye kamba, nyekundu, kila asubuhi. Mama akasema, leso ukiitundika leo ukafa usiku, kesho bado inapepea. Nikasema taa ya nje. Taa pia inaweza kuwaka juu ya maiti. Nikasema simu, nitawanunulia wote. Yule mrefu akanitazama kwa huruma.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka, mwanangu. Hiyo simu ililia mpaka ikachoka." Akanywa chai. "Moto unataka mtu. Usipoamka, hauwaki."

Nilikaa nikiwasikiliza, na polepole nikaanza kusikia kitu kingine. Mwenye panga alikohoa. Wa tatu, ambaye hakuwa amesema neno, alikohoa akiwa amefunika mdomo. Yule mrefu alikuwa na mluzi ule ule wa mama kila akivuta pumzi, wenye sauti kubwa zaidi. Niliwatazama mmoja mmoja. Walikuwa wanajiua kidogo kidogo, kila asubuhi, ili wenzao wajue hawajafa.

Nilimpigia mpwa wangu simu nikiwa shambani, katikati ya mafiga niliyoyatupa. Nilimweleza yote. 

"Anko," akasema, "hawa hawahitaji kuacha moshi. Wanahitaji tu utoke. Weka bomba. Na moto uwe mdogo, mlango wazi."

Aibu iliyoje. Mtu aliyesimama kanisani kulilaani bomba la kiwanda, sasa anatafuta fundi wa kumtengenezea mama yake bomba. Fundi alitoboa paa la lile jiko, akajenga kijukwaa cha udongo, akapandisha bati lililoviringwa mpaka juu. Nilirudisha mafiga mwenyewe. Asubuhi ya kwanza nilisimama na kijisanduku mlangoni. Moshi ulipanda, ukatokea juu, ukasimama wima kabla upepo wa mlimani haujaupinda. Ndani taa ilikuwa manjano. Mama alitoka nje kuutazama moshi wake akasema wa wenzake ni mfupi, na akatamba hivyo kanisani.

Tukakubaliana wote wanne watajengewa. La pili lilimalizika upesi. Kwa yule mrefu fundi alishapima paa, lakini mvua ikaingia, udongo haukauki, na utelezi wa kule ng'ambo haupandiki na bati begani. Tukasema tungoje jua. Nami nilianza kulala Kibugu kila Ijumaa.

Jumamosi moja mvua ilikuwa imekatika. Mama alishawasha moto wake. Alikuwa amesimama uani, mkono juu ya macho, anatazama ng'ambo.

"Hebu angalia wewe," akaniambia. "Macho yangu hayafiki."

Niliangalia. Kwa mwenye panga, moshi. Kwa wa tatu, moshi. Ng'ambo ya kijito, juu ya paa la yule mrefu, hakukuwa na kitu, ni anga tu. Nikangoja. Mimi niliyetumia wiki nzima kuuwinda moshi, nilisimama pale nikiuomba utokee, hata kidogo, hata wa kuunguza ugali.

"Nenda," akasema mama. Kisha akaingia ndani, na nilipogeuka kuangalia alikuwa ametoka na shuka jeupe.

Sikulichukua. Nilikimbia. Niliteremka katikati ya majani chai, nikaanguka, nikavuka kijito na viatu, nikapanda ule utelezi kwa mikono na magoti. Sikumwita, nilikosa pumzi. Nilijiambia kama mlango una komeo nitauvunja kwa jiwe.

Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa sakafuni, mgongo umeegemea kitanda, mdomo wazi, mabega yakipanda na kushuka, na mluzi ule ulisikika mpaka uani. Alikuwa hai. Nilipiga magoti, nikapitisha mikono chini yake nimwinue, nikamwambia pikipiki iko barabarani, twende hospitali.

Alinishika shati. Hakuweza kusema neno zima. Akaonyesha kidole nje, upande wa jiko lake.

"Mama, hapana. Ndio huo unaokuua."

"Mamako," akasema. Akavuta pumzi. "Atateremka. Huo utelezi."

Nikamwelewa. Mama yangu na kifua chake, na shuka mkononi, alikuwa tayari ameanza kuteremka, na wale wengine wawili nyuma yake.

Nilimbeba yule mrefu mpaka uani. Nilimketisha upande wa juu, unakotoka upepo, nikamfunga blanketi. Nikaingia kwenye jiko lake. Masizi yalikuwa yananing'inia darini kama nyuzi. Kiberiti kilikuwa kwenye kopo, lakini mikono yangu ililowa, kijiti cha kwanza kikazima, cha pili kikazima. Kilipowaka nilipuliza mpaka macho yakaniuma, nikikohoa kama wao, na moto ukashika vizuri, mwekundu, msafi, bila moshi wowote.

Kutoka nje nikasikia anagonga ukuta wa mbao kwa kiganja.

"Mabichi," akasema. "Tia mabichi."

Nilitoka, nikavunja matawi ya mchai kwa mikono miwili, nikarudi, nikayarundika juu ya moto. Jiko likajaa mara moja. Nilitambaa nje nikiwa sioni. Yeye alikuwa amepandisha uso, anautazama moshi ukitoka chini ya mabati, ukipanda polepole, ukifika kwenye matawi ya mgrevilia. Ng'ambo, katikati ya majani chai, kitu cheupe kilisimama. Kikakaa hapo kidogo, kisha kikageuka na kuanza kupanda kurudi.

Alipokiona kimefika juu, akanyoosha mikono nimbebe.